Mvaaji na Mpulizaji

Sampuli namba saba ilifika maabara Jumatatu asubuhi, ndani ya chupa yenye kizibo cha bluu, bila jina la mwenyewe. Ndivyo kazi ilivyofanyika pale: Mkuu wa maabara peke yake ndiye aliyemjua mteja, wengine wote walijua namba. Fundi wa maabara, mwanamke wa miaka thelathini na minane aliyekwisha kufanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, aliiinua chupa mbele ya taa akaitikisa kidogo. Maji ya ndani yalikuwa na rangi ya chai kavu iliyokolea. Fomu ilisema ni chembe za fedha, fedha ile ya pete na bangili, zilizotengenezwa ndogo kiasi kwamba elfu nne zingeweza kujipanga katika upana wa unywele mmoja. Mteja alitaka kujua kama zinadhuru seli za binadamu anayevaa nguo zenye chembe hizo.

Alipokuwa anavuta matone ya kwanza, moja lilimponyoka likadondokea mkono wa koti lake jeupe. Alilifuta, akaendelea. Mchana alipopita karibu na dirisha aliona pale palipofutwa pamegeuka kijivu cha kuelekea weusi. Alisimama akapaangalia. Kijivu hicho alikijua. Alikuwa amekisugua kwa sabuni, kwa ndimu na kwa dawa ya madoa miezi minane mfululizo bila kukiweza. Kilikuwa kwenye mashati ya mume wake, kuanzia kifuani hadi mikononi.

Mume wake alifanya kazi kiwanda cha soksi. Soksi zenyewe zilisifiwa redioni kwamba mtu anaweza kuzivaa wiki nzima kisha akavua viatu mbele ya wakwe bila wasiwasi, kwa sababu zimepuliziwa fedha, na fedha huua vijidudu vinavyoleta harufu. Yeye alikuwa mmoja wa waliozipulizia. Alisimama saa nane kwa siku katika chumba kisicho na dirisha, bunduki ya kupulizia mkononi, soksi zikipita mbele yake zimevishwa miguu ya bati. Wafanyakazi walikiita chumba hicho Benki, na yeye wakambandika jina la Keshia. Jina lilimfuata hadi mtaani. Mama yake, aliyeishi nao, alipenda kuwaambia majirani kwamba mwanawe anashika fedha kutwa nzima, ila zikifika mlangoni kwake zinapotea njia.

Alasiri hiyo Keshia aliporudi, mkewe alimpokea mkoba, akamsubiri aoge na ale, kisha akaanza kumuuliza mambo ambayo hakuwahi kumuuliza. Ile dawa yenu inakuja ndani ya nini? Ndani ya mapipa. Vifuniko vyake rangi gani? Keshia alicheka, akasema bluu, kwani anataka kununua pipa? Ukungu wake unakaa hewani muda gani? Hapo Keshia aliacha kucheka. Alisema ukungu ni ukungu, unakaa mpaka uchoke, na wao wanapewa barakoa kila Jumatatu.

"Yako iko wapi?"

"Kazini. Inatumika wiki nzima, siyo ya kuja nayo nyumbani."

"Ijumaa njoo nayo."

"Mama watoto, leo una nini?"

Mkewe aliondoa vyombo mezani. Siku alipoajiriwa alitia sahihi kwamba yaliyopimwa maabara hayatatoka nje, hata kwa mume. Miaka yote hiyo sharti hilo halikuwahi kumsumbua. Nani angetaka kusikia habari za maji ya visima na rangi za pipi?

Ijumaa Keshia alileta barakoa. Ilikuwa ya karatasi nyepesi, ya kukingia vumbi la barabarani. Nje ilikuwa ya kijivu, na hilo mkewe alilitarajia. Aliigeuza. Ndani, pale pua na mdomo vinapokaa, palikuwa na mviringo wa kijivu kilekile, hafifu lakini wazi. Keshia alisema ni jasho.

"Huenda," mkewe alisema, akaifunga ndani ya mfuko wa nailoni.

Mama mkwe aliyaona yote hayo akiwa ameketi sebuleni, miguu yake juu ya kigoda, ndani ya soksi za mwanawe. Kwa macho yake, mwanamke anayegeuzageuza nguo za mume kutoka kazini anatafuta nywele za mwanamke mwenzake. Alimvuta mwanawe pembeni akamuuliza kwa sauti ya chini amefanya nini. Keshia aliapa hajafanya kitu. Mama hakumwamini sana, na tangu siku hiyo akawa anawachungulia wote wawili.

*

Seli alizotumia fundi zilikuwa za mapafu. Asili yake ni mgonjwa mmoja aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Tangu wakati huo zilikuwa zikioteshwa na kugawiwa, maabara hadi maabara, bila kukoma. Zilikaa kwenye visahani, katika maji ya chakula ya rangi ya waridi, ndani ya kabati lenye joto la mwili. Zikiwa na afya zilijitandaza na kushikana kama vigae vya sakafu. Alizigawa makundi manne. La kwanza hakulitilia kitu. La pili alilitilia sampuli kidogo, la tatu kiasi, la nne nyingi. Siku ya pili alitia rangi ya bluu. Seli iliyo hai huikataa rangi hiyo. Iliyokufa haina tena wa kufunga mlango, na bluu huingia.

Akahesabu chini ya hadubini. Katika seli mia za kundi lisilopewa kitu, tatu zilikuwa bluu. Katika kundi la kidogo, nne. Katika la kiasi, kumi na nane. Katika la nyingi, arobaini na moja, na zilizobaki nyingi zilikuwa zimejiviringa, zimeng'oka, zinaelea.

Mkuu alizitazama namba hizo akasema neno moja, arudie. Alishuku maji ya chakula yameingia uchafu. Fundi alirudia kwa chupa mpya: arobaini. Mkuu akashuku mkono wake. Mara ya tatu alisimama nyuma yake tangu mwanzo hadi mwisho, mikono mfukoni, kama msimamizi wa mtihani, naye fundi akahisi shingo inamwaka moto mbele ya vijana wa mafunzo waliokuwa wakipita. Safari hiyo zilikuwa arobaini na tatu.

Mkuu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtatiza fundi. Ndiye aliyemfundisha kushika bomba la kupimia bila kutetemeka. Ndiye aliyempa ruhusa ya mwezi mzima bintiye alipolazwa. Lakini ripoti ilipotoka mezani kwake ilikuwa na safu mbili tu: kundi lisilopewa kitu, tatu, kundi la kidogo, nne. Chini yake: katika kiwango kilichopimwa, hakuna madhara ya maana yaliyoonekana kwa seli.

Fundi aliuliza ziko wapi safu mbili nyingine.

"Mteja ameuliza habari za mvaaji," Mkuu alisema. "Mguu wa mvaaji haukutani hata na hicho kidogo. Kuna namba ya uongo hapo?"

"Hakuna."

"Basi."

"Na anayezipulizia?"

"Mpulizaji hayumo kwenye fomu."

Kisha, kwa sauti ya upole, akamkumbusha jambo ambalo yeye mwenyewe fundi huwafundisha vijana: kisahani siyo mtu. Kifua cha mtu kina makohozi ya kunasa uchafu, kina seli za kufagia, kina damu ya kuhamisha. Wangapi wametangaza sumu kwa sababu ya visahani, wakaja kuona haya? Yote hayo yalikuwa kweli. Fundi alitia sahihi. Alitia kwa sababu hakuna namba iliyodanganya, na kwa sababu mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi wa tatu, na anayepeleka juu majina ya watakaoongezewa ni yuleyule aliyekuwa amemnyooshea kalamu.

*

Wiki mbili alijaribu kuzunguka. Alimwambia mume wake aombe kuhamishwa, apelekwe kupanga maboksi, au stoo, popote isipokuwa Benki. Keshia alitaka sababu. Akasema amechoka kufua yale madoa. Keshia akasema basi atafua mwenyewe, na akafua kweli, Jumapili nzima, uani, watu wakipita wakimtania. Jumatatu akamweleza kilichokuwa moyoni mwake: msimamizi amemdokeza kwamba atamfanya kiongozi wa zamu. Wapulizaji sita watakuwa chini yake. Baada ya miaka ya kusukumwa huku na huku, huu ndio wakati wa kuomba akapange maboksi?

"Nani amekutuma?" alimuuliza.

Mkewe alidhani hajasikia vizuri.

"Nauliza nani amekutuma. Kuna watu wanakitaka hiki cheo. Mmoja ana dada yake mtaa wa nyuma, na nimesikia mnasalimiana sana."

Mama mkwe, kutoka kwenye kigoda chake, naye akaongeza la kwake. Alisema wako wanawake ambao mume akipanda kidogo wao hupata kizunguzungu. Hakumtaja mtu. Aliinama akazivuta soksi zake juu vizuri.

Basi fundi alivunja kiapo. Aliwaambia wote wawili, mchana kweupe, mlango ukiwa wazi. Aliwaambia habari za chupa, za kizibo, za doa, za visahani vinne na rangi ya bluu. Alipofika kwenye arobaini na tatu alisita, kisha akasema pia kwamba kisahani siyo mtu, kwamba hajui ndani ya kifua cha mume wake mna nini, kwamba huenda hamna kitu. Alitaka kusema kweli yote. Hakuona kwamba kweli ya namna hiyo humwacha msikilizaji hana pa kushika.

Mama mkwe aliuliza kama ana maana mwanawe amewekewa sumu, ndiyo au siyo. Akamjibu hajui. Mama akasema, basi miaka yote hiyo ya shule ya nini.

Usiku Keshia aliwahi kitandani. Lakini usingizi ulimpaa, na asubuhi alikohoa mara mbili akinawa uso. Alishtuka, kisha akajisikiliza ili aone kama kitakuja cha tatu. Alikuwa akikohoa hivyo tangu ujana, kwa ajili ya sigara alizoziacha zamani. Sasa hata hicho kikohozi chake mwenyewe hakukiamini.

*

Kazini alimfuata msimamizi akaomba barakoa nzuri, zile za mpira zenye vichujio pembeni, na feni ya kuvuta ukungu nje. Aliomba kwa adabu, kofia mkononi. Msimamizi alimwangalia sana, akamuuliza ni nani anayewajaza maneno. Hakungoja jibu. Aliingia ofisini akatoka na karatasi ndani ya bahasha ya plastiki, akaamuru mashine zizimwe, akawaita wapulizaji wengine wote sita waliokuwa zamu.

Aliisoma kwa sauti kubwa, pole pole, kama anayewasomea watoto. Hakuna madhara ya maana yaliyoonekana kwa seli. Alisema wataalamu wenye shahada wamepima, wametia sahihi, sasa Keshia wetu hapa amepata shahada yake wapi, kwenye soksi? Watu walicheka, wengine kwa sababu ilichekesha, wengine kwa sababu msimamizi alikuwa akiwatazama. Kisha akamsogezea karatasi usoni.

"Soma mwenyewe. Unaweza kusoma, siyo?"

Keshia alisoma. Chini kabisa, kwenye mstari wa mpimaji, hapakuwa na jina, palikuwa na sahihi: herufi mbili zilizofungwa pamoja na mkia mrefu uliorudi nyuma. Aliiona sahihi hiyo kila muhula kwenye ripoti za shule za binti yao.

Msimamizi alimwona amebadilika, akadhani ameshinda. Alimpiga bega, akamwambia arudi Benki, mambo ya uongozi wa zamu watayaongea akili zikitulia. Keshia alirudi. Alivaa barakoa yake ya karatasi akapulizia mpaka kengele ilipolia, na wenzake walisema baadaye kwamba siku hiyo hakutania hata mara moja.

Alimkuta mkewe uani, anaanua nguo. Hakumsalimia.

"Nimeonyeshwa ripoti," alisema. "Ina sahihi yako. Nikuulize moja tu, mke wangu. Ipi ni kauli yako, ya mdomoni au ya karatasini?"

Mkewe alisimama na shati la Keshia mkononi. Alijaribu kumweleza habari za mvaaji na mpulizaji, za safu mbili zilizotolewa. Kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kufanana na ya msimamizi: namba, viwango, fomu. Alilisikia hilo yeye mwenyewe.

"Unaweza kuwa unasema hivi kwa sababu nimekukamata," Keshia alisema.

"Naweza."

"Au ulisema vile ili nisipande cheo."

"Hata hilo unaweza kulifikiria."

"Sasa nikuamini kwa lipi?"

Mkewe alikunja shati, akaliweka juu ya mengine, akasema Jumamosi asubuhi asiende popote.

*

Jumamosi maabara hufanya kazi nusu siku na Mkuu haji. Mlinzi wa getini alikuwa mzee wa heshima aliyemwita fundi "mwanangu", lakini daftari lake halikumjua mtu. Fundi alimwambia huyu ni fundi wa majokofu. Keshia aliandika jina ambalo siyo lake, akaandika kazi ambayo siyo yake, na mkewe akasimama pembeni akitazama ukutani. Kisha Keshia alivishwa koti jeupe lililombana mabegani, mifuko ya plastiki juu ya viatu, na kuambiwa asiguse kitu.

Mkewe alikuwa ameviandaa tangu Alhamisi: visahani viwili, kimoja kisichopewa kitu, kingine kilichopewa sampuli nyingi. Aliweka cha kwanza chini ya hadubini akamwonyesha namna ya kuweka macho. Keshia aliinama. Ilimchukua muda kuacha kuona kope zake mwenyewe. Kisha akaona. Mkewe alijua ameona kwa sababu mabega yalitulia.

"Zinafanana na sakafu," alisema.

"Hizo ni nzima."

Akambadilishia. Safari hii alikaa muda mrefu zaidi, na hakuinuka alipoanza kusema.

"Hizi za bluu?"

"Zimekufa."

"Na hizi za mviringo, zinazotembeatembea?"

"Hazitembei, zinasukumwa na maji. Zimeachia."

"Ni mapafu ya nani?"

Alimwambia ni ya mtu mmoja wa zamani, aliyekufa, ambaye hakuna hata mmoja wao aliyemjua. Keshia aliinuka sasa. Kandokando ya macho yake palikuwa na alama nyekundu za vioo. Aliuliza kama mle kifuani mwake ziko hivi. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho tayari amekivunja.

"Sijui," mkewe alisema. "Nakuapia sijui. Kuna kipimo cha kukwambia kisahani hiki kimepewa kiasi gani, maana nimekipa mimi. Wewe hakuna aliyepima umevuta kiasi gani. Ndani ya Benki hakujawahi kuingia mtu na kipimo. Mimi nilitia sahihi kuhusu mguu wa mtu. Kuhusu wewe hakuna karatasi yoyote, popote. Hiyo ndiyo kauli yangu."

Keshia alitazama mikono yake, kucha zilizoingia kijivu pembeni. Alivua koti, akalikunja vizuri kuliko alivyolipokea. Walipokuwa wanatoka alimuuliza mlinzi habari za watoto wake kwa sauti ya kawaida kabisa.

*

Jumatatu kila mmoja alikwenda kazini kwake.

Fundi alipeleka kwa Mkuu karatasi aliyoiandika kwa mkono, yenye safu zote nne na marudio yote matatu, na ombi kwamba iambatanishwe na ripoti au sahihi yake iondolewe. Mkuu aliisoma bila hasira. Alisema ripoti imekwisha kwenda, haiwezi kuitwa kama mbwa. Kisha akafungua droo akatoa daftari la getini. Jumamosi amekuja fundi wa majokofu, alisema, na majokofu yote ni mazima. Alisubiri aseme uongo mwingine. Fundi alimwambia ni mume wake, na kwamba ni mpulizaji.

Mkuu alifunga daftari. Alitazama dirishani. Alisema angejua hilo mapema asingempa yeye kazi ile, na fundi akaelewa kwamba alichojutia ni hicho tu. Fundi alihamishiwa chumba cha kuoshea vyombo mpaka mkataba wake uishe. Mwanamke mwenye miaka kumi na mmoja kazini akasimama kwenye karo, na vijana aliowafundisha wakawa wanamletea visahani vichafu huku wakiomba radhi. Lakini ile karatasi Mkuu hakuichana. Aliipiga muhuri wa kupokelewa akaitia kwenye jalada la namba saba. Kwa nini, hakusema. Huenda aliogopa kwamba siku moja mtu angeuliza.

Keshia naye alisimama mlangoni pa Benki akasema haingii mpaka apewe barakoa ya vichujio. Hakupiga kelele. Msimamizi alimuuliza, mbele ya watu, ni nani anayempa habari hizo, ametumwa na kiwanda gani. Swali lilikuwa lilelile alilomuuliza mkewe, nalo lilimwingia vibaya. Alisema hajatumwa na mtu. Alisema ripoti ile ni ya wavaaji, na yeye hajawahi kuvaa soksi puani. Kama ipo ya wapulizaji, isomwe. Baadhi walicheka tena, lakini safari hii msimamizi hakucheka. Mpulizaji mmoja, mwanamke mnene asiyependa maneno, aliweka bunduki yake chini akasimama kando ya Keshia. Baada ya dakika chache waliosimama naye walikuwa wanne. Wawili walibaki ndani wakiendelea, na hakuna aliyewatukana.

Walikaa hivyo siku tatu. Siku ya nne ililetwa feni ya kuvuta ukungu nje na boksi la barakoa za mpira, na tangazo likabandikwa ukutani kwamba vifaa hivyo vimetolewa kwa ajili ya faraja ya wafanyakazi na visichukuliwe kuwa na maana nyingine yoyote. Uongozi wa zamu alipewa mmoja wa wale wawili. Keshia alihamishiwa kupakia maboksi, kule kule alikokataa kwenda alipoombwa kwa upole, na mshahara wa upakiaji si wa Benki. Jina la Keshia walimwachia.

Nyumbani mama mkwe aliyasikiliza yote, mkwe kwenye karo, mwana kwenye maboksi. Alisema kwa hesabu zake mtu wa tatu sasa ni yeye, na akauliza na hizi soksi za miguuni je. Mkwe wake alimwambia kwa subira kwamba hizo ndizo hasa zilizopimwa, seli nne dhidi ya tatu, hazina neno, avae tu. Mama alimshukuru. Akazivua hivyohivyo, akazitupa nje ya dirisha.

*

Hospitali walikwenda pamoja, siku ya katikati ya wiki, baada ya kuomba ruhusa kila mmoja kwa bosi asiyetaka kuitoa. Walipanga foleni tangu asubuhi. Kifua kilipigwa picha. Daktari, kijana mwenye macho ya usingizi, aliibandika picha kwenye taa, akapitisha kalamu huku na huku, akasema ni safi. Keshia alishusha pumzi. Mkewe aliuliza picha ile inaona kitu chenye ukubwa gani. Daktari alisema inaona madoa, makovu, maji. Akamuuliza kama inaweza kuona kitu ambacho elfu nne zinajaa kwenye upana wa unywele. Daktari alimgeukia vizuri kwa mara ya kwanza. Alisema hapana, hakuna picha ya kuona hicho, na hajawahi kumpokea mtu mwenye shida hiyo. Aliwashauri warudi baada ya mwaka, au kikohozi kikizidi.

Alivuta faili, akaanza kujaza. Kwenye mstari wa kazi aliandika: kibarua.

"Siyo hivyo," mkewe alisema. "Andika alipulizia chembe za fedha, zaidi ya miezi minane, chumba kisicho na dirisha."

Daktari alisema nafasi ni ndogo na kwa matibabu ya leo haitabadilisha kitu. Nje foleni ilikuwa ndefu. Muuguzi alichungulia mlangoni, akajitia kukohoa. Fundi alihisi ile aibu ya zamani ikimpanda shingoni, aibu ya mtu aliyesimamiwa nyuma, na akafungua mdomo kuomba radhi ili waondoke.

Keshia aliweka mkono juu ya faili. Kijivu cha kucha kilikuwa hakijatoka.

"Daktari, leo haina kazi, nakubali," alisema. "Lakini atakuja mwingine baada yangu, na wewe au mwenzako atasema hajawahi kumpokea mtu wa namna hii. Andika pembeni kama nafasi haitoshi. Na maneno ya kitaalamu usiniulize mimi." Akamwelekezea mkewe kidevu. "Muulize huyu. Ndiye aliyepima."

Daktari aligeuza faili ubavu, penye ukingo mweupe, akasubiri. Mwanamke alivuta kiti karibu, akaanza kumtajia, neno kwa neno.